Ile 4.8 iliyoandikwa kwenye karatasi ya duka: namna ya kuitafuta kwenye kompyuta yako

Mzee mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, mpiga video za harusi na kipaimara, alinifuata Mabatini mwezi wa nane akiwa ndani ya bajaji, amepakata kompyuta yake ya mezani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nikamwamkia, akaitikia, kisha kabla hata hajakaa akatoa mfukoni karatasi ya duka alikoinunulia. Kwa kalamu ya buluu ilikuwa imeandikwa: i7-10700, 4.8GHz. Hiyo i7-10700 ni jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na GHz ni gigahezi, kipimo cha spidi yake.

"Mwanangu, humu ndani hakuna nne nukta nane. Nimeitafuta wiki mbili sijaiona."

Alikuwa anaangalia Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inafanya nini, kila anapotoa video ya harusi, yaani kompyuta inapotengeneza faili la mwisho, na kila akiangalia anakuta 3.1. Alishaamua kwamba amepigwa, na alikuja kwangu nimpe ushahidi wa kwenda nao dukani. Nikamwambia aniachie mashine siku chache. Niliyoyafanya siku zile ndiyo haya ninayoandika, kwa sababu tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na watu si chini ya kumi, na wengine wakinipigia simu huomba kwanza kuongea na fundi. Fundi ndiye mimi. Wananyamaza kidogo, halafu tunaendelea.

Namba ile inasema nini

Prosesa za siku hizi zina spidi mbili zinazotangazwa. Kuna ya msingi, ambayo mtengenezaji anakuahidi hata kazi ikiwa nzito kiasi gani, mradi mashine inapozwa inavyotakiwa. Na kuna ya busti, yaani ya kupanda kwa muda, ambayo kwenye maelezo yake siku zote hutanguliwa na neno dogo "hadi". Wauza kompyuta hulisahau hilo neno wanapoandika karatasi, na sisi wanunuzi hatuliulizi.

Kwa i7-10700, spidi ya msingi ni gigahezi 2.9. Busti ni hadi 4.8. Prosesa moja huwa na viini kadhaa ndani yake, kila kimoja kikifanya kazi yake, na hiyo 4.8 ni ya kiini kimoja au viwili tu, vile ambavyo kiwanda kimevibaini kuwa ndivyo bora katika prosesa hiyo, tena viini vingine vikiwa vimepumzika. Ina viini vinane. Vyote vinane vikifanya kazi kwa pamoja, kikomo chake ni 4.6, na hapo napo ni kama umeme na joto vinaruhusu. AMD, kampuni inayoshindana na Intel wenye i7, nao wanaeleza busti yao kwa namna hiyohiyo: spidi ya juu kabisa ambayo kiini kimoja kinaweza kuigusa kwenye kazi ya mkupuo. Kugusa. Si kukaa.

Nenda Mwaloni asubuhi ukawaangalie makuli wanaopakua dagaa. Kuna kijana mmoja akiwa na gunia moja anakimbia juu ya ubao kutoka kwenye boti kama hajabeba kitu. Hiyo ndiyo busti. Waweke vijana wanane juu ya ubao uleule, kila mmoja na gunia lake, uone kama kuna atakayekimbia. Halafu rudi saa nane mchana uwaangalie tena.

Ubao wenyewe ndio umeme. Ukitaka kiini kiende kasi zaidi lazima ukiongezee volti, na volti zikipanda, wati zinapanda kwa haraka kuliko spidi. Ndiyo maana gigahezi za mwisho ni ghali mno: kutoka 4.0 kwenda 4.6 unaweza kula umeme mwingi kuliko uliokula kutoka 3.2 kwenda 4.0. Intel wameiandikia i7-10700 wati 65, na hizo 65 ni za spidi ya msingi. Kwa busti wameipa ruhusa ya kupanda hadi wati 224 kwa muda mfupi, sekunde 28 kwa mpangilio wao, kisha irudi kwenye 65. Ukilijua hili moja, nusu ya malalamiko ninayoletewa yanakuwa yamejibiwa. Kazi ya mzee ya kutoa video ya harusi huchukua karibu saa nzima. Sekunde 28 za mwanzo zinapita kabla hajafika kwenye birika la chai.

Unachohitaji

HWiNFO, programu ya kusoma spidi, joto na umeme wa mashine, ya bure, chagua ile isiyohitaji kuinstoliwa. Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa kazi nzito ya majaribio, nayo ya bure. Daftari na kalamu. Kipimajoto cha chumba kama unacho. Mimi natumia kile cha ukutani cha elfu chache. Na muda, angalau saa moja na nusu.

Task Manager iache. Haidanganyi, lakini inakupa namba moja ya wastani kwa viini vyote, inayobadilika kila sekunde, na kiini kimoja kikigusa 4.8 kwa nukta ya sekunde huwezi kukiona humo. Mzee angeweza kuitazama hadi Pasaka.

Kabla ya kupima

Washa mashine uiache dakika kumi na tano itulie. Windows ikishawaka ina shughuli zake nyingi za nyuma: kutafuta masasisho, kukagua virusi, kupanga mafaili. Ukipima wakati huo unapima shughuli hizo.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows. Usitumie ule mpango wa kubana umeme. Wa katikati unatosha. Fungua mipangilio ya ndani utafute palipoandikwa "Maximum processor state". Lazima iwe asilimia 100. Kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba ukiweka 99 kompyuta haipati moto. Ni kweli haipati moto, kwa sababu kwenye mashine nyingi hiyo 99 inazima busti yote. Mwaka jana nilipokea kompyuta ya kijana wa chuo aliyekuwa tayari kununua prosesa mpya, kumbe rafiki yake alimwekea 99 miezi sita nyuma. Nilimrudishia 100, nikamtoza elfu tano, akanitazama kama mwizi.

Fungua HWiNFO, chagua vipimo pekee ("Sensors-only"). Orodha itakayotokea ni ndefu kama ya mahari, usiogope. Unahitaji mistari michache tu: spidi ya kila kiini, spidi halisi ya kila kiini, joto la prosesa, wati za prosesa nzima, na ile sehemu inayoeleza sababu za kubanwa. Spidi halisi imeandikwa "Effective Clock", na ndiyo ninayoiamini zaidi. Ile ya kawaida inakuambia kiini kilikuwa kwenye spidi gani pale kilipochunguliwa. Hii nyingine inahesabu na muda ambao kiini kilisinzia. Kiini kinaweza kuonyesha 4.7 huku kwa kweli kimelala karibu sekunde yote.

Jambo dogo ambalo watu hulikosea: wanapunguza muda wa HWiNFO kuchungulia, kutoka sekunde mbili hadi robo ya sekunde, wakidhani watainasa busti vizuri zaidi. Ukichungulia hivyo, unaviamsha viini vyote kila mara, na viini vikiwa macho vyote, hakuna cha kupata ile spidi ya mmoja. Ni kama kumwamsha mtoto kila saa umuulize kama amelala. Acha sekunde mbili zake.

Kipimo cha kwanza: je, 4.8 ipo?

Kwenye Cinebench chagua jaribio la kiini kimoja, anzisha, kisha ondoka. Usicheze na kipanya, usifungue kivinjari. Jaribio hili huchukua dakika kumi au zaidi. Likiisha, nenda HWiNFO kwenye safu ya namba za juu kabisa zilizowahi kuonekana.

Kwa mashine ya mzee, viini viwili vilionyesha megahezi 4788 (megahezi elfu moja ni gigahezi moja). Mzee alipokuja kesho yake nilimwonyesha, akaniuliza ziko wapi megahezi 12 zilizobaki. Swali zuri. Spidi ya prosesa inapatikana kwa kuzidisha mapigo ya madabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, na mapigo hayo kwa jina ni megahezi 100. Madabodi nyingi hupiga 99.8 au hapo karibu, hivyo mara 48 inakuwa 4790 na ushee. Tofauti ya namna hiyo ihesabu kuwa umefika.

Kwa hiyo ilikuwepo. Ile karatasi ya duka haikusema uongo, na ile 3.1 ya mzee nayo ilikuwa kweli.

Kwa upande wa AMD kuna kisa cha kweli ambacho wanunuzi wa mitumba ya kompyuta wanapaswa kukijua. Julai 2019 zilipotoka prosesa zao ziitwazo Ryzen, za mfululizo wa 3000, watu wengi duniani waliona hazifiki kwenye namba zilizotangazwa hata kwa kiini kimoja. Mjerumani mmoja anayejulikana mtandaoni kwa jina la der8auer aliomba wenye prosesa hizo wamtumie vipimo vyao. Kwa Ryzen 9 3900X, iliyotangazwa 4.6, ni asilimia 5.6 tu ya waliotuma ndio waliofika. Kwa Ryzen 5 3600, iliyotangazwa 4.2, walikuwa karibu nusu. Septemba mwaka huohuo AMD wakakiri kwamba kulikuwa na kasoro kwenye bayosi, ile programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows, iliyokuwa inapunguza busti, wakatoa sasisho lililorudisha megahezi 25 hadi 50.

Nakisimulia kwa sababu mashine ya mezani ninayotumia mwenyewe ni hiyo Ryzen 5 3600, niliinunua ikiwa imeshatumika, na madabodi yake ilikuwa bado na bayosi ya zamani. Ilikuwa inaishia 4175. Megahezi 25 zilinikaa kooni kama mwiba wa sato kwa wiki nzima, na mimi ndiye ninayewaambia wateja wasihangaike na vitu vidogo. Nilisasisha bayosi, ikagusa 4200. Je, kazi zangu zilikwenda haraka zaidi? Hata kidogo. Lakini nililala.

Ukiamua kusasisha bayosi, fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS yenye betri nzima, uliyoijaribu kwanza kwa kuchomoa waya ukutani. Niliwahi kuua madabodi ya mteja kwa sababu umeme ulikatika katikati ya kazi hiyo. Nilimlipa. Tangu siku hiyo UPS yangu naipa heshima kuliko simu.

Kipimo cha pili, ambacho ndicho cha kazi

Hapa ndipo ninapotaka uweke muda wako. Busti ya kiini kimoja inakufaa unapofungua programu, unapobonyeza kitu na kikaitika, unapofanya hesabu kwenye Excel. Kwa sisi tunaotoa video, tunaopakia picha mia tano za send-off, au tunaocheza gemu kwa saa tatu, spidi tuliyoinunua ni ile inayobaki baada ya nusu saa, viini vyote vikiwa kazini, chumba kikiwa na joto lake la kila siku. Hiyo haiandikwi kwenye boksi lolote duniani. Lazima uipime mwenyewe.

Na ipime saa yake. Kibanda changu kiko chini ya bati, mtaa wenyewe unaitwa Mabatini, hakuna la kueleza. Saa moja asubuhi kipimajoto changu husoma 23. Saa nane mchana, feni ya juu ikizunguka, husoma 33. Prosesa inapozwa kwa hewa ya chumba, kwa hiyo chumba kikipanda nyuzi kumi, nayo hupanda takriban hizo kumi. Wanaopima mashine kwenye mitandao ya Ulaya hukaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Namba zao ni sahihi huko kwao.

Anzisha Cinebench kwa viini vyote; kwa kawaida yake hurudia kazi kwa dakika kumi. Andika kwenye daftari spidi halisi, joto na wati baada ya sekunde kumi, dakika moja, dakika tano, dakika kumi. Kisha acha, fanya kazi yako halisi, ile inayokupa hela, uandike tena katika dakika ya thelathini. Daftari langu la mzee, mchana wa saa nane, lilisomeka hivi: sekunde ya kumi, 4.2 na nyuzi 100. Dakika ya kwanza, 3.1, nyuzi 89, wati 65. Dakika ya tano, 3.1. Dakika ya kumi, 3.1. Video ya harusi ya majaribio, aliyoniachia mwenyewe kwenye flashi, ilichukua dakika 55.

Tahadhari moja kabla hujakasirika: kuna programu za video zinazoikabidhi kazi kadi ya picha, au ile sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa. Hapo viini vitaonekana vimetulia, spidi inapanda na kushuka ovyo, na video inatoka haraka. Hiyo si kasoro. Kwenye kazi ya namna hiyo gigahezi za prosesa zinahusika kidogo sana, funga daftari ukale.

Kusoma ukuta uliogonga

Prosesa ikishuka spidi, imegonga ukuta. Kuta ni mbili zinazotuhusu: joto na wati. HWiNFO inakuonyesha ni upi, kwenye ile sehemu ya sababu za kubanwa. Lakini hata bila hiyo, daftari linatosha.

Nyuzi zikisimama kwenye kikomo cha prosesa, ambacho ni 100 kwa i7-10700 na 95 kwa Ryzen nyingi, huku wati zikicheza, huo ni ukuta wa joto. Wati zikisimama kwenye namba moja kama zimepigiliwa msumari, mfano 65 kamili, na joto liko chini ya kikomo, huo ni ukuta wa wati. Rudi kwenye daftari la mzee: sekunde ya kumi alikuwa na ukuta wa joto, nyuzi 100. Kuanzia dakika ya kwanza alikuwa na ukuta wa wati. Kuta mbili kwenye mashine moja, na kila mmoja una dawa yake. Watu wengi hununua dawa ya ukuta ambao hawana.

Ryzen wana tabia yao tofauti kidogo. Hawasubiri wafike kwenye ukuta. Wanateremka mapema, ngazi ndogondogo za megahezi 25, kadiri joto linavyopanda. Mashine yangu, kazi ileile, asubuhi inakaa 3.975 na mchana 3.9. Inapumua na hali ya hewa ya Mwanza kama mimi.

Dawa ya joto

Fungua kasha. Kama unaishi karibu na ziwa, Kirumba, Igombe, Luchelele, tegemea kukuta zaidi ya vumbi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja usiku kama moshi kuifuata taa huingia kwenye matundu ya feni, hufia humo, na mizoga yao ikichanganyika na vumbi la kiangazi inafanya kitu kama mkeka. Kwenye mashine ya mzee niliutoa mkeka huo mzima, kipande kimoja, ukubwa wa kiganja. Nikamhifadhia kwenye gazeti ili asidhani namtoza bure.

Tumia blowa, lakini shika feni kwa kidole isizunguke. Feni ikizungushwa kwa upepo mkali inaweza kuharibika. Kisha ondoa kipoza cha prosesa. Kama pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoza kupitisha joto, imekauka na kuwa kama chokaa, ifute kwa kitambaa na spiriti ya duka la dawa, paka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, rudisha kipoza, kaza skrubu kwa kupishanisha pembe. Usipake kama siagi kwenye mkate.

Angalia pia mashine inakaa wapi. Dawati la mzee lina kabati la chini lenye mlango, zuri, la mninga, na kompyuta ilikuwa humo ndani mlango umefungwa ili wajukuu wasichezee. Nilimwomba autoe mlango. Alinipa mlango wote, uko hapa kibandani hadi leo, nafanyia kazi juu yake.

Baada ya kusafisha nikapima tena saa nane ileile. Sekunde ya kumi: 4.6, nyuzi 84. Safi kabisa. Dakika ya kumi: 3.3, nyuzi 68, wati 65. Video: dakika 52.

Hapa nilijifunza adabu, maana nilitarajia sifa. Mkeka wote ule, pesti mpya, mlango wa mninga, na nimeokoa dakika tatu. Hizo sekunde 28 za mwanzo zilipona kabisa, lakini kwenye kazi ya saa nzima sekunde 28 ni nini? Baada ya hapo ukuta ulikuwa wa wati tangu mwanzo, na wati hazijali umefuta vumbi kiasi gani, zaidi ya kwamba prosesa yenye ubaridi inapoteza umeme kidogo tu na kukuachia akiba ndogo.

Dawa ya wati

Kikomo cha wati kiko kwenye bayosi. Intel wanapendekeza 65 kwa prosesa hii, lakini wanawaachia watengenezaji wa madabodi uhuru wa kuweka namba yao. Ndiyo sababu utakuta jamaa mmoja Nyegezi ana i7-10700 inayokaa 4.6 siku nzima, na mwingine Igoma ana hiyohiyo inakaa 3.3, wakabishana hadi wakagombana, na wote wanasema kweli. Wa kwanza ana madabodi iliyoachia kikomo na kipoza kikubwa. Wa pili ana ile ya kufuata sheria.

Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika, zinazoletwa kutoka nje, zimefungwa. Huwezi kubadilisha wati hata ukiingia kwenye bayosi. Ukiwa nayo hiyo, ishia kwenye usafi, na uiheshimu kwa kile inachoweza. Ya mzee ilikuwa imeunganishwa kwa vipande, na bayosi yake ilikuwa na sehemu ya kuandika wati za muda mrefu, za muda mfupi, na sekunde.

Usiweke namba kubwa kwa tamaa. Prosesa hii kwa 4.6 viini vyote inaweza kula zaidi ya wati 150, na kuna sehemu mbili zitakazoumia kabla yako. Moja ni kipoza: kile kidogo kinachokuja ndani ya boksi kiliwekwa kwa ajili ya 65. Ya pili ni zile chipu na koili zilizozunguka soketi ya prosesa, zinazoigawia umeme. Kwenye madabodi za bei ya chini ziko uchi, hazina hata kipande cha alumini juu yake. Zikipata moto kupita kiasi, spidi inashuka ghafla hata kama prosesa yenyewe iko kwenye nyuzi 70, na ukiendelea miezi, zinakufa.

Ya mzee zilikuwa na alumini upande mmoja. Nikamshauri anunue kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120, nikaweka kikomo cha muda mrefu wati 100. Nikaiendesha saa moja, mchana, huku naweka kidole kwenye ile alumini kila dakika kumi. Ilikuwa moto wa kikombe cha chai, si wa kuunguza. Dakika ya thelathini: 4.0, nyuzi 77. Video: dakika 43.

Kutoka 55 hadi 43. Nilimwonyesha mzee daftari, akalisoma polepole kwa miwani, kisha akauliza swali lilelile.

"Sasa hiyo nne nukta nane?"

"Ipo, mzee wangu. Nikuonyeshe tena?"

Nikaanzisha jaribio la kiini kimoja. Ilipotokea 4788 alitoa simu akaipiga picha skrini, picha tatu, moja akiwa amesimama karibu nayo. Halafu akanilipa.

Wapi uache

Tofauti ya 4.3 na 4.6 kwenye kazi ya dakika 40 haifiki dakika tatu. Kama mashine yako inakaa chini ya kilichotangazwa kwa megahezi mia moja, mia mbili, na haigongi nyuzi za kikomo, iache. Hela ya kipoza kikubwa itakufaa zaidi kwenye SSD au ramu. Kama inakaa karibu na spidi ya msingi au chini yake, hapo kuna tatizo la kweli, anza na vumbi, kisha mipangilio ya umeme, kisha bayosi, kwa utaratibu huo, na pima baada ya kila hatua moja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Ukienda kununua

Weka HWiNFO na Cinebench kwenye flashi uende nazo dukani. Mwambie muuzaji awashe mashine, endesha jaribio la viini vyote kwa dakika kumi mbele yake, uangalie dakika ya kumi, siyo ya kwanza. Muuzaji anayejua anachouza atakuvutia kiti. Mwingine atakwambia unamalizia LUKU yake. Mashine inayokula wati 150 kwa dakika kumi inatumia robo ya sehemu ya kumi ya yuniti moja, haifiki shilingi ishirini. Mpe mia, mwambie abaki na chenji.